Uji wa Baada ya Mizani

Chumba cha mbele chenye cherehani,
Nyumba ile ile uliyoiacha,
Jumapili, tarehe tisa, mwezi wa tano.

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umesimama vizuri kwa miguu yako miwili, na ule mgongo uliokuwa ukikusumbua kiwandani umekuachia upumue. Mkaza mjomba hajambo? Na binamu zangu je, yule mkubwa anayecheka kupitia puani bado anacheka hivyo hivyo? Kwenye simu ulisema huko mnavaa makoti mpaka ndani ya nyumba. Nikasema moyoni, ningekuwa karibu ningewashonea wote, na mabaki ningejishonea la kwangu.

Sisi huku wazima. Mimi mzima, cherehani nzima, paa halivuji. Yule muuza mayai wa nyumba ya pili anakusalimu na bado anadai ulimwahidi redio.

Asante kwa maneno yako ya siku ya mazishi. Tuliiweka simu katikati ya meza, watu wakanyamaza, na ingawa sauti ilikuwa ikikatikakatika, kila mtu alielewa kwamba kaka wa marehemu analia. Usijilaumu kwa kukosa ruhusa. Ukiwa kwa watu, saa ni ya watu, na mama alilijua hilo kuliko sisi sote.

Mimi sijalia, Mjomba. Sikuambii ili unisifu. Watu wanakuja kunipa pole, nami nazipokea kama ninavyopokea vitambaa vya wateja, nasema asante, naviweka upande. Muuza mayai amenisifu kwa subira. Si subira hata kidogo. Ni ganzi, kama mguu uliokaliwa muda mrefu, unaugusa unajua ni wako lakini haukujibu. Nakata nguo, nashona, nakunja, napiga pasi. Jioni ikifika nashangaa kwamba ilikuwa siku nzima.

Sasa nije kwenye lililonikalisha niandike. Ni habari ya Njiti.

Mdogo wangu hali chakula. Tangu mama alazwe mpaka leo hajaweka kitu cha maana tumboni, na promota ameshampangia tarehe nyingine ya pambano. Kocha amenifuata hapa dukani, akajifanya ameleta suruali ya kufupisha, kumbe anataka kuniambia kwamba Njiti akipanda ulingoni vile alivyo, anaweza kushuka amebebwa. Amebaki mtu mmoja ambaye neno lake Njiti atalichukua kama neno la mama, na mtu huyo ni wewe, maana wewe na mama mmetoka tumbo moja. Lakini ukipiga simu leo ukamwambia kula, atajibu "sawa Mjomba," na hatakula. Kwa hiyo nivumilie nikueleze tangu mwanzo, kwa kuwa mengi yametokea ukiwa umeshaondoka.

Wewe ndiye uliyempa jina la Njiti, alipokuwa na miguu ambayo soksi zilikuwa hazikubali kusimama juu yake. Na wewe ndiye uliyetuachia ile mizani kubwa ya mshale uliyoichukua ghalani walipoletewa mpya. Bado ipo pale pale kwenye korido, kati ya jiko na chumba chake, ukitoka usingizini unaigonga kwa kidole cha mguu. Ulipoondoka alikuwa anapigana uzito wa bantam, ule wa mabondia wembamba. Wewe uliona ushindi tu. Kushusha uzito hukukuona.

Kushusha ndiko kulikokuwa kazi yenyewe, Mjomba. Kupigana kulikuwa mwisho wa kazi. Njiti alikuwa na mifupa ya mtu mkubwa tayari, na bantam ilikuwa kiatu cha mtoto. Wiki za kabla ya pambano alikuwa akikimbia amevaa makoti mawili, anarudi midomo imepasuka, anasukutua maji na kuyatema. Siku moja nilikuwa nakaanga vitunguu, mama akatoka chumbani akazima jiko. Akasema, "Mwenzio hajanywa hata maji, wewe unamwimbia vitunguu?"

Ikawa sheria ya nyumba. Njiti akishusha, hakikaangwi kitu. Tulikuwa tunakula vya kuchemsha, jikoni, tumesimama, mlango umefungwa, kimya kama wezi. Baadaye hata hivyo mama akaona haitoshi. Tushibe kwa nini na yeye ana njaa? Basi tukawa tunapunguza sote. Nyumba nzima ilikuwa ikishuka naye. Majirani walituzoea. Muuza mayai akiona jiko letu halitoi moshi alikuwa anauliza kwa mbali, "Mnashusha?" tukijibu ndiyo anapita zake, hasumbui mlango.

Na mwisho wa kushusha kulikuwa na kufungua, na hilo lilikuwa la mama peke yake. Siku ya kupima uzito alikuwa anaamka, anapika uji mwepesi, anautia kwenye ile chupa ya chai yenye kifuniko chekundu, anaenda nao mpaka mlangoni pa ukumbi wa kupimia. Njiti akishuka kwenye mizani yao, kabla hajagusa ndizi wala soda ya mtu yeyote, mama anamimina uji kwenye kikombe cha bati, anaonja yeye kwanza, anageuza mkono wa kikombe umwelekee mwanawe, ndipo anampa. Alikuwa akisema tumbo lililofungwa hufunguliwa na aliyelijaza mara ya kwanza. Kocha mwanzoni alicheka sana. Baada ya mapambano matatu manne akawa anakuja na kikombe chake.

Alipopanda uzito wa unyoya nilitoa mshono wa kiuno kwenye bukta yake ile ya njano. Mimi ndiye mshonaji wa bukta zake zote, hilo unalijua, lakini labda hujui kwamba kila moja niliiacha na akiba ya kitambaa ndani. Mama alikuwa akiniona nafumua mshono anapiga vigelegele, kwa sababu kutoa mshono maana yake tunakula. Siku aliyosema anapanda unyoya mama alikaanga vitunguu mpaka mtaa mzima ukajua tumepandishwa cheo.

Unyoya hakukaa sana. Akaenda uzito mwepesi, akashinda wengi, akaoa, akaachwa. Mke wake alikuwa mtu mwema, simsemi vibaya. Alivumilia kushusha mara mbili, mara ya tatu akafunga sanduku, akamwambia mama kwa heshima zote kwamba hawezi kuishi kwenye nyumba ambayo baba mwenye nyumba ni mizani. Mama alimsindikiza mpaka barabarani, wakaachana wakiwa wanacheka, kisha mama akarudi akalia. Njiti akaenda mazoezini.

Halafu akapanda welter, uzito wa juu ya mwepesi, Mjomba, na hiyo ndiyo miaka ambayo ningependa ungeiona. Kule hakushusha karibu chochote. Mwili na mizani walikuwa marafiki. Alikuwa anacheka, analala mchana, ananitania kwamba nashona bukta kama mapazia. Ngumi zake zilikuwa zinatoka bila kelele, mpinzani anakaa chini kwanza, ndipo watu wanauliza imepita ipi. Mama alinenepa. Mimi nilinenepa mpaka kiti cha cherehani kikalalamika. Mkanda wa ubingwa haukuja, kwa sababu waliokuwa na mikanda hawakutaka kupigana naye, lakini tulikuwa tunakula mezani, tumekaa, mlango wazi.

Kisha kuna bondia wa uzito wa kati aliumia mkono siku chache kabla ya pambano, promota akamwomba Njiti azibe pengo. Akakubali. Akala kwa juhudi kama mtu anayejenga nyumba, nami nikaongeza kipande cha kitambaa ubavuni, maana akiba yote ilikuwa imekwisha. Yule waliyempangia alikuwa na mgongo kama mlango wa ghala. Njiti alisimama naye mpaka raundi ya saba, na katika raundi hiyo kocha akarusha taulo. Alirudi nyumbani uso umefumuka huku na huku kama mto ulioshonwa na mwanafunzi. Mama alikaa naye anamkanda kwa maji ya chumvi, akawa anamwambia, "Si mahali pako kule mwanangu. Rudi chini kidogo."

Alimaanisha welter. Promota naye akaja na chini yake nyingine. Mkanda wa uzito mwepesi ulikuwa wazi, mwenyewe amestaafu, na Njiti angepewa nafasi kama angeweza kurudi kwenye uzito aliouacha miaka mingi iliyopita. Promota alikaa hapa hapa dukani, kwenye kiti cha wateja, akasema, "Mtaka cha mvunguni sharti ainame." Mama akamjibu, "Mvungu huo aliutoka akiwa kijana. Saa hizi ataingiza kichwa tu, mwili utabaki nje." Tulicheka. Lakini Njiti hakuwahi kushika mkanda hata mmoja, na umri umekwenda. Nilimtazama usoni nikajua ameshakubali kabla promota hajamaliza soda.

Tukaanza kushusha, na safari hii ilikuwa ndefu kuliko zote. Jiko likazimwa. Nikatoa bukta ya zamani ya uzito mwepesi, nikaishona upya kwa kitambaa cheusi kipya.

Mama akaanza kupungua.

Mjomba, hapa ndipo nataka unielewe vizuri, kwa sababu kwenye simu sikuweza. Katika nyumba nyingine yoyote mtu mzima akikonda watu wanashtuka. Kwetu kukonda ni habari njema. Kila mtu aliyeingia hapa alimsifu. Kocha alimwambia, "Mama, wewe unashusha haraka kuliko bondia wangu." Muuza mayai akamuuliza atapigana na nani. Njiti mwenyewe alikuwa anamtania asubuhi, "Panda tuone nani kashinda leo," naye anapanda mizani, anacheka, anashuka ameshika ukuta. Alipoacha kabisa kula jioni tukasema anamwonea huruma mwanawe. Aliponiletea magauni yake mawili niyapunguze kiuno, nikayapunguza, akajitazama kwenye kioo na kusema amerudi msichana. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, na hizo nguo zilipita kwenye cherehani hii.

Maumivu alikuwa nayo. Sasa naona. Alikuwa anakaa kwenye kile kigoda cha korido, karibu na mizani, amejikunja, ukimuuliza anasema njaa tu, sote tuna njaa, zimebaki siku chache.

Asubuhi ya kupima uzito Njiti alitangulia na kocha. Mama akapika uji, akautia kwenye chupa, akavaa gauni moja kati ya yale mawili, akakaa kwenye kigoda afunge viatu. Nilikuwa natafuta funguo. Nikamwita, akanijibu, nikamwita tena. Hakuanguka. Alikuwa amekaa tu, kiatu kimoja mkononi, hawezi kusimama.

Kocha ameniambia yaliyotokea kule ukumbini. Njiti alipanda mizani, akakubaliwa, akavaa taulo, akaenda kusimama mlangoni. Wenzake walikuwa wanakula. Mtu akampa ndizi akaikataa. Alisimama pale anatazama barabara mpaka wakaanza kukunja meza, ndipo simu yangu ikampata.

Hospitali, daktari alikuwa kijana mpole. Alituuliza, "Alianza kupungua lini?" Nikamjibu, "Tulipoanza kushusha." Akaniangalia. "Nani alikuwa anashusha?" Nikasema, "Sisi sote." Akaandika kitu, akafuta. Baadaye alitueleza kwamba uvimbe ule tumboni ulikuwa wa siku nyingi na ulishakwenda mbali, na kwamba labda hata mapema wasingeuweza. Alisema labda. Nimelishika neno hilo kama mtu anayeshika sindano gizani, sijui ncha iko wapi.

Pambano lilifutwa. Mama aliishi siku chache tu baada ya hapo. Njiti alikuwa amekaa kando ya kitanda bado mkavu wa mizani, midomo imepasuka, na mama kila akifumbua macho alikuwa anamtazama midomo. Akamuuliza, "Umefungua?" Njiti akasema bado. Mama akasema, "Usile vya watu. Nikitoka hapa nitakufungulia mwenyewe."

Hakutoka. Na mdogo wangu, Mjomba, amemtii.

Si kwamba hali kabisa, angekuwa ameshakufa. Anakula kama mtu anayeonja chumvi. Ute wa yai, maji ya kabichi, basi. Kila asubuhi namsikia anapanda mizani, chuma kinalia, kinanyamaza. Promota anafurahi, anasema hajawahi kuona bondia mwenye nidhamu kama hii. Kocha hafurahi. Anasema ngumi za Njiti zinafika lakini hazisemi kitu. Nimepika kila ninachokijua. Nimekaanga vitunguu makusudi, mlango wazi, akapita kwenye harufu ile kama anayepita kwenye mvua nyepesi. Nikamwambia mama hawezi kurudi kukufungulia. Akasema, "Najua, Dada." Akaenda kukimbia.

Ile chupa ya kifuniko chekundu ilikaa mezani imejaa mpaka baada ya mazishi. Hakuna aliyeigusa. Siku nilipoifungua uji ulikuwa umechacha. Nikamwaga, nikaosha kwa sabuni na maji ya moto, nikaianika dirishani. Nilifanya yote hayo kama naosha chupa ya mteja.

Ndiyo sababu nakuomba uje. Si simu, simu haina mkono. Uje wewe uliyenyonya ziwa moja na mama, umpe kikombe kile mkononi. Naamini kwako atafungua. Ukikosa ruhusa sema, nitajua la kufanya, ingawa sasa hivi sijui.

Nitaimalizia kesho niipeleke posta.

Jumatano.

Mjomba, kesho yake haikuwa kesho. Barua imekaa chini ya mguu wa cherehani mpaka leo, na nilitaka kuichana niandike upya. Nimeona niiache na niongeze hili.

Jana promota alileta kitambaa cha bukta mpya, chekundu chenye kung'aa, cha kuvalia siku ya mkanda. Nikamwita Njiti nimpime. Akasimama hapo mbele ya kioo, mikono juu, nami nikapiga magoti nimzungushie futi kiunoni. Nilipoinama pini ikafunguka.

Nilisahau kukuambia kwamba sketi zangu nimekuwa nikizibana kwa pini. Sikulifikiria hilo kama habari. Sketi inazunguka, unaibana, unaendelea na kazi.

Akasema, "Dada, hiyo pini ya nini?"

"Sketi imelegea."

"Nguo umeshona mwenyewe imelegea?"

Nikamwambia asimame wima, ananiharibia vipimo. Hakusimama. Akaichukua futi mkononi mwangu, akanizungushia mimi. Kusoma futi hajui, alikuwa anaishika kichwa chini, lakini kiuno alikiona. Akanishika mkono kama refa anayempeleka mtu kwenye kona yake, akanipandisha kwenye mizani. Mshale ukatetemeka, ukasimama mahali ambapo sijakuwapo tangu nikiwa msichana wa shule. Njiti aliutazama muda mrefu, kwa jicho lile analotazamia uzito wake.

"Umeingia bantam," akasema.

Nilidhani anatania. Nikamtazama, hakuwa anatania. Akaniuliza, "Leo umekula?"

Nikajaribu kukumbuka. Nilikumbuka kukata suruali mbili, kubandika vifungo vya mtoto wa muuza mayai, kupika na kumwekea yeye sahani iliyorudi jikoni ilivyokwenda. Nikajaribu kukumbuka jana. Yeye akasubiri. Na hapo nikaona kwamba mama hatukumuuliza hivyo hata siku moja. Kipindi chote kile, watu wote wanaoingia na kutoka, vicheko vyote vile, na hakuna aliyemuuliza kama amekula.

Njiti akaenda jikoni. Nikasikia anatafuta sufuria, anaangusha mfuniko, anatukana unga. Alirudi na uji kwenye kikombe cha bati, mzito wa kukatika kwa kisu, madonge yanaelea. Akaniwekea mkononi.

"Kunywa."

"Kunywa wewe kwanza."

"Mimi mama alisema nimsubiri," akasema. "Wewe hakukwambia usubiri mtu."

Nikanywa. Ulikuwa wa moto sana, Mjomba. Ulinichoma ulimi, na nikasikia unachoma. Sijui kama utanielewa nikikuambia kwamba hicho ndicho kitu cha kwanza nilichokisikia tangu asubuhi ile ya kiatu kimoja. Machozi yakatoka hapo hapo, mengi, ya ulimi au ya mengine, sikuyachagua. Nikanywa tena. Ulipofika nusu nikaona nimeshiba, na bila kufikiri, kwa sababu ndivyo nilivyoona ikifanywa miaka yote, nikageuza mkono wa kikombe umwelekee yeye, nikampa.

Alikitazama. Nilitambua nilichofanya wakati mkono wangu umeshanyooka, na nisingeweza kuurudisha. Akakipokea kwa mikono miwili, akanywa mpaka mwisho, akayatafuna madonge, akakomba na kidole. Kisha akaketi kwenye kile kigoda na kulia kwa sauti, dume zima, nami nikakaa sakafuni karibu na mizani tukalia wote, mlango wa mbele wazi. Mteja mmoja aliingia na gauni lake, akatuona, akaliweka juu ya meza akaondoka.

Leo asubuhi amekula mayai na viini vyake. Mizani hajapanda. Kuhusu lile pambano hajasema kitu, nami sijamuuliza, ila kile kitambaa chekundu nimeshakikata, na nimekikata kwa kiuno cha welter, na akiba ya kutosha ndani. Amekiona juu ya meza. Amekigusa, akaniuliza kama tumebakiwa na vitunguu.

Kwa hiyo ombi langu limebadilika kidogo. Si kwamba usije. Kikombe kile umeshatanguliwa, na aliyeupika ule uji kupika hajui, lakini mgeni njoo mwenyeji apone, na wenyeji wenyewe ndio kwanza tumeanza kupona. Tunataka mtu mkubwa wa kukaa mezani pale alipokuwa anakaa mama, atuulize asubuhi na jioni kama tumekula.

Nisalimie sana Mkaza mjomba, mwambie yale magauni ya mama nimeyatoa mishono yote, nitamtumia kwa atakayekuja huko. Nisalimie yule wa kicheko cha puani na wadogo zake. Njiti anakusalimu, anasema shikamoo na kwamba mgongo uukande kwa maji ya chumvi. Kocha anakusalimu. Muuza mayai bado redio yake.

Mwenyezi Mungu akulinde kazini na njiani, akupe ruhusa pale wenye kiwanda wanapokunyima. Ukija, usile njiani. Njoo na njaa.

Ni mimi mpwa wako nikupendaye,

Fundi.